Kisu kinachong'aa kiliniaibisha mbele ya mbuzi

Nachoma michopo, yaani nyama ya mbuzi, mtaa wa Katuba, hapa Lubumbashi, kwa hiyo visu ndivyo vinavyonilisha. Cha kwanza nilikinunua soko la Kenya, mtaa wa hapa hapa mjini, kwa sababu kiling'aa na kilipigwa chapa INOX. Sijamaliza paja la pili la mbuzi, kikawa kinasukuma nyama badala ya kuikata. Wateja wamekaa, mkaa umeshika, mimi nakinoa kwenye kitako cha sahani.

Inoksi, yaani chuma kisichoshika kutu, si chuma kimoja. Kinachozuia kutu ni kromi, na visu vya inoksi huwa nayo asilimia 12 au 13 kwenda juu. Kinacholeta ugumu ni kaboni, na hapo ndipo tunapochezewa. Kijiko chenye muhuri wa 18/10 kina kromi 18 na nikeli 10. Kutu hakijui, lakini hata ukitie motoni na kukizamisha kwenye mafuta mara kumi hakitakuwa kigumu. Sasa kuna watu wanakata visu kutoka kwenye bati la namna hiyo. Ukienda sokoni beba sumaku, hata ile ya spika iliyokufa. Mnasikia kila siku kwamba inoksi ya kweli haishiki sumaku. Kwa masufuria mengi, sawa. Kwa kisu ni kinyume: bapa lisiloshika sumaku liache hapo hapo. Likishika bado si hakika kwamba ni zuri, ila takataka umeshaiepuka.

Kisu changu cha mbuzi leo kilifuliwa na fundi wa mtaani kutoka kwenye resori, yaani springi, ya lori. Chuma cha resori huwa na kaboni kama asilimia 0.6. Kabla ya kuanza aliigusisha kwenye jiwe la mashine: cheche zikapasuka-pasuka kama nyota ndogo. Akaweka msumari, cheche zikatoka ndefu, zimenyooka, karibu bila nyota. "Kaboni ndiyo inapasua," akaniambia. Alipomaliza kufua akapasha bapa mpaka sumaku ikaacha kulishika, akaongeza moto kidogo, akalizamisha kwenye mafuta. Likiwa hivyo ni gumu lakini linavunjika kama glasi, kwa hiyo akalipasha tena polepole mpaka likashika rangi ya nyasi kavu.

Kisu hicho kinataka kubembelezwa. Kata limau, kiache kwenye beseni, asubuhi utakikuta chekundu. Mimi nakiosha, nakipangusa, nakipaka mafuta ya kula. Ile rangi ya kijivu inayokuja baada ya majuma usiisugue, inapunguza kutu. Nyanya na limau nazikata kwa kisu cha Kijerumani, chuma cha X50CrMoV15: kaboni nusu asilimia, kromi 15. Makali yake hayadumu sana, lakini yanarudi kwa dakika mbili, na yaya anayenisaidia anaweza kukisahau majini.

Shemeji aliniletea pia cha Kijapani, chuma cha VG-10. Kaboni asilimia 1, kromi 15, na kobalti kama 1.5. Nilicheka: huenda kobalti hiyo ilichimbwa Kolwezi, kwenye migodi ya hapa kwetu Kongo, ikazunguka dunia nzima ili inirudie jikoni. Nyanya kinaikata kama hewa. Siku nilipokigonga kwenye mfupa, ncha ikaruka, kipande cha ukubwa wa punje ya mchele. Kosa langu; kisu kigumu na chembamba hakipelekwi kwenye mifupa.

Kosa kubwa zaidi nilifanya kwa mashine. Nilikipeleka kisu cha resori kwenye jiwe kavu, nikakandamiza, ukingo ukageuka bluu. Bluu hiyo ni joto la karibu nyuzi 300, na ugumu umeshapungua. Kila nikinoa, makali yanalala kabla ya saa sita. Ilibidi nipunguze chuma kwa tupa, jioni tatu, mpaka bluu yote ikaisha. Kisu kimekuwa chembamba kidogo, na jiwe langu sasa linakaa ndani ya ndoo ya maji.