Watajwe kwa majina yao

Assalaam alaykum, mhariri. Wiki hii umetuuliza: watangazaji na wasanii wetu waliovuma redioni tuwaenzi vipi? Wengine watataka hafla na vyeti. Sikatai, lakini mimi naomba kwanza watajwe kwa majina.

Mchukue msomaji wa matangazo ya vifo. Kwetu Pemba, likianza tangazo, watoto hunyamazishwa na hata anayekuna nazi husita. Anataja jina la marehemu, anapokaa, wanawe walioko Unguja, Dar es Salaam na Maskati, kisha saa ya maziko na msikiti atakaosaliwa. Anasoma taratibu, "bin" na "binti" zote mahali pake, maana jina likikosewa kuna ndugu atakaa kitako asijue kuwa msiba ni wake. Kabla ya simu za mkononi, wangapi waliwahi kuzika kwa sauti ile? Lakini ukiuliza barazani mtu huyo ni nani, utaambiwa "yule wa vifo". Akimaliza kusoma, basi naye ajitaje.

Kwa wanamuziki ndiyo zaidi. Siti binti Saad, mwimbaji wetu wa taarabu, alirekodi sahani za santuri Bombay mwaka 1928, zikatoka na jina lake, na mpaka leo hatujalipoteza. Redio yetu ya Zanzibar ilianza mwaka 1951, na taarabu nyingi zimerekodiwa kwenye kanda zake. Sasa unasikia "tuburudike na taarabu asilia", wimbo unapigwa, unakwisha, unaingia mwengine. Nani kaimba? Nani katunga? Fidla ile inayolia katikati ni ya nani? Hili linaniuma sana. Bi Kidude, mwimbaji wetu, Mungu amrehemu, tunamjua, na tuzo ya WOMEX, maonesho ya kimataifa ya muziki, ilimfikia mwaka 2005 akiwa keshakuwa bibi kizee. Nawasemea wapigaji na waitikiaji waliokaa nyuma ya waimbaji wakubwa.

Wazee wa vikundi vya taarabu kama Ikhwani Safaa na Culture waliobaki hai waitwe, wapigiwe kanda hizo, waseme huyu ni fulani na yule ni fulani, na kijana aandike pale pale juu ya boksi la kanda. Wapewe nauli na posho, kwani hiyo ni kazi. Jina likikosekana kabisa, mtangazaji aseme hewani kuwa linatafutwa. Aliyeko Micheweni akiitambua sauti ya mjomba wake atapiga simu.

Msomaji wenu, Wete, Pemba