Koili haisimami ghafla: kwa wadogo wa atelie

Wadogo, transista, ile swichi ndogo ya umeme yenye miguu mitatu, si karanga. Kila mgeni anayekaa mezani hapa Goma hutengeneza kile kisakiti cha kuwashia taa kwa rele, yaani swichi inayovutwa na sumaku ya koili, na koili ni waya uliozungushwa. Kinapiga "ta!" mara tano, transista inakufa. Anatia nyingine, nayo inakufa. Mwishowe anaenda sokoni Birere kuuliza nani anauza orijino. Transista haina kosa. Kosa ni inesha, ukaidi wa kitu kubadili mwendo wake, ile mliyoikariri shuleni kwa jina la inersi mkaiacha daftarini.

1. Tazameni chukudu, skuta yetu ya mbao ya kubebea mizigo, inayoshuka kutoka Kibumba na magunia ya viazi. Mwenye nayo hangoji kona ndipo afunge breki, anaanza juu huko huko, kwa sababu mzigo ukishashika mwendo hausikii la mtu. Newton aliliandika jambo hilo mwaka 1687. Wenye chukudu wanalijua kwa soli za viatu. Koili ni hivyo hivyo. Pa uzito weka henri, kipimo cha ukaidi wa koili, pa mwendo weka mkondo. Mkondo ukishapita humo, haukubali kukatwa.

2. Sasa kosa lenyewe, na tukubali tu: hakuna fundi wa meza hii ambaye hakulifanya. Rele ni ya volti 12, koili yake omu 400, inakula miliampea 30. BC547, transista yenyewe, inabeba 100. Hesabu ni safi, unajisifu. Lakini hiyo ni hesabu ya kuwasha, ya kuzima hukuifanya. Transista ikikata, zile miliampea 30 hazina pa kwenda, basi koili inapandisha volti mpaka ipate upenyo: mia na zaidi, kwa muda mfupi kuliko kupepesa jicho. BC547 inavumilia 45 tu kati ya kolekta na emita, ile miguu miwili ambayo mkondo wa rele unapitia. Multimita yako haioni kitu, inakuonyesha 12 kwa utulivu, ndiyo maana unalaumu soko. Tena si lazima ife siku hiyo. Pengine inachoka kidogo kidogo, inakufia kwa mteja saa mbili usiku, na huko ndiko aibu iliko.

Dawa ni diodi moja ya 1N4007, kinachopitisha mkondo upande mmoja tu, sambamba na koili. Upande wenye mstari uende kwenye chanya ya 12, mwingine kwenye kolekta. Rele ikizimwa, mkondo unazunguka kati ya koili na diodi hadi uishe, na kolekta haifiki hata volti 13. Ukiigeuza, mara transista inapopitisha, chanya inakutana na hasi kupitia diodi na transista yenyewe: moshi. Halafu utasema ushauri wetu ni mbovu. Kama rele sasa inachelewa kuachia, funga zena (diodi inayofunguka kinyume ikifika volti zake) ya volti 24 mfululizo na diodi, zikitazamana kinyume. Kolekta itapanda hadi karibu 37, bado uko chini ya 45.

3. Kapasita, ile inayohifadhi chaji ya umeme, nayo haiachi volti zake ghafla: ile kubwa ya televisheni, mikrofaradi 100, inaweza kubaki na volti 300 baada ya plagi kutoka, kwa hiyo ipitishie rezista ya kilo-omu 10, wati 5, kwa sekunde 5, kisha pima. Kuunganisha miguu yake kwa bisibisi hapana!

4. Kilichosimama nacho hakianzi ghafla: mota ya friji ikianza inavuta mara 5 hadi 7 ya mkondo wake wa kawaida. Mwulizeni mteja kama ana friji kabla ya kumwuzia inveta, ile inayogeuza umeme wa betri uwe wa nyumbani.

5. Mpiga besi analeta spika: "Noti hazikatiki, sebene, ile sehemu ya magitaa ya kuchezea, inakuwa uji." Msikimbilie amplifaya. Koni, ile karatasi ya spika inayotikisika, ina uzito, na kiganja kikizima uzi wa gitaa, yenyewe bado inacheza. Toa waya zote za spika, gonga koni kwa ncha ya kidole: "buuum". Unganisha miguu miwili ya spika kwa kipande cha waya, gonga tena: "dup". Koili inayocheza ndani ya sumaku inazalisha umeme, na umeme huo ukipata njia unaizuia koni. Amplifaya nzuri ndiyo hufanya kazi ya kile kipande. Sasa angalia waya wa mteja: mwembamba kama wa simu, milimita mraba 0.22, mita 20 kwenda na 20 kurudi, ni karibu omu 3 zinazoziba njia hiyo. Wa milimita mraba 2.5 una kama omu 0.3. Badilisha waya kwanza. Na kile kipande kitoe kabla hujairudisha spika kwenye amplifaya.