Rangi ya Land Rover yako imeharibiwa na tina

Pole sana ndugu. Umesema uliipaka modeli yako ya Land Rover ya polisi ya kipimo cha 1/35 (ndogo mara 35 kuliko gari halisi) rangi ya mafuta, ukaipitishia kahawia iliyochanganywa na tina ili ionekane chakavu, na rangi ya chini ikavimba na kukunjamana. Ni tina hiyo, imeyeyusha rangi ya chini. Yalinikuta hayohayo kwenye lori langu la kwanza, na niliumia kweli.

Safari hii anza na akriliki. Ikikauka, paka vanishi ya kung'aa, usubiri siku nzima. Ndipo uchanganye rangi ya mafuta ya wachoraji, ya kahawia, na tapentaini, uiguse kwenye bawaba na vichwa vya skrubu tu. Itatambaa yenyewe kwenye mifereji.

Michubuko weka kwa kipande cha sponji, tena michache mno: milimita 1 hapo ni sentimita 3.5 kwenye gari halisi. Vumbi la nje usitumie, punje zake zitaonekana kama kokoto. Saga chaki ya rangi, uipake kwa brashi kavu nyuma ya magurudumu, tairi linakorusha tope.

Fungua madirisha. Kichwa kikiuma au kifua kikibana, toka nje. Kisipoachia, nenda hospitali.