Kama Mungu Alimtumia Dhalimu, Dhalimu Ana Kosa Gani?

SWALI: Shalom, Rabi. Marehemu babu yangu alikuwa Myahudi wa milima ya Mbale, Uganda. Enzi za Idi Amin, ibada yetu ilipopigwa marufuku, jirani alimchongea, akapigwa mbele ya watoto wake. Juzi darasani mwalimu wetu alisema Amin alikuwa fimbo ya Mungu ya kuwachapa Wayahudi walegevu, kama Ashuru na Babeli, na kwamba dhalimu wa namna hiyo anatimiza tu alichoandikiwa. Nilitoka nje nikalia. Na mjukuu wa yule jirani nafanya naye kazi hapa Nairobi, meza zetu zinatazamana. Nimchukulieje?

JIBU: Shalom, binti yangu. Nimeisoma barua yako mara tatu. Kilichoniumiza ni jibu ulilopewa, maana siku hizi nalisikia hata kwa wacha Mungu.

Kwamba Muumba huyatumia mataifa, hilo halina ubishi. Yeremia anathubutu kumwita Nebukadneza, mfalme wa Babeli, mtumishi wa Mungu. Ila mwalimu wako aliwahi mno kufunga kitabu cha Isaya. Sura ya 10, mstari wa 5, inasema "Ole wake Ashuru", na papo hapo anaitwa fimbo ya hasira. Ole na fimbo vimo katika pumzi moja! Mistari miwili mbele nabii anasema Ashuru mwenyewe hakukusudia hivyo. Moyoni mwake alikusudia kuharibu. Basi fimbo hii ina moyo, na wenye moyo huhukumiwa. Zekaria anaongeza kwamba Mungu alikuwa amekasirika kidogo tu, mataifa ndiyo yaliyouzidisha msiba.

Rambam, yaani Musa bin Maimuni, mwanazuoni wetu mkubwa wa sheria wa karne ya 12, alijiuliza swali lako hasa. Ibrahimu aliambiwa katika Mwanzo 15 kwamba uzao wake utateswa miaka 400 katika nchi ya ugeni, na kwamba taifa litakalowatesa, yaani Misri, litahukumiwa. Lihukumiwe kwa lipi, ikiwa lilitimiza lililotabiriwa? Anajibu katika Sheria za Toba, sehemu ya kitabu chake cha sheria: hakuna Mmisri hata mmoja aliyetajwa kwa jina. Kila mmoja angeweza kukataa. Ramban, mfafanuzi wa Torati wa karne ya 13, hakuridhika na hoja hiyo, akasema Wamisri walivuka mpaka, kwani kuwatupa watoto mtoni hakukuwamo katika neno alilopewa Ibrahimu. Walipishana kwenye hoja, lakini hatia ya Misri hakuna aliyeifuta.

Mimi ushahidi wangu ni binti Farao. Nyumba ile ile, amri ile ile ya baba yake, mto ule ule: wengine walitupa watoto majini, yeye akaopoa mmoja. Midrashi, yaani masimulizi ya kale ya marabi juu ya Maandiko, inasema kwa tendo hilo Mungu alimwita binti yake. Akitokea mmoja aliyeweza kukataa ndani ya jumba la Farao, nani atasema jirani wa babu yako hakuweza kunyamaza?

Sasa hilo neno "walegevu". Hapa sitapunguza ukali. Talmudi, mkusanyo wa mafundisho ya marabi wa kale, katika kitabu chake cha Baba Metzia 58b, inakataza kumwambia aliyepatwa na mateso maneno ya rafiki za Ayubu, kwamba hakuna asiye na hatia aliyeangamia. Inaliita jambo hilo dhuluma ya maneno. Manabii waliosema "tumepigwa kwa dhambi zetu" walitumwa kulisema, tena walilia pamoja na waliopigwa. Mwalimu wako hakutumwa. Wapo waliothubutu kusema hivyo hata juu ya Wayahudi milioni 6 waliouawa na Wanazi. Siwafuati, na nakuomba usiwafuate. Kwa nini babu yako alipigwa, sijui. Aliyempiga alitenda dhambi, hilo najua.

Kuhusu mjukuu: Ezekieli 18 inasema mwana hatabeba uovu wa baba yake, sembuse wa babu. Humdai kitu. Torati inasema usimchukie Mmisri, kwa kuwa ulikuwa mgeni katika nchi yake, na hao ni wale wale wa mtoni! Talmudi katika kitabu cha Gitini inasimulia kwamba uzao wa Sisera ulifundisha watoto Yerusalemu, na uzao wa Hamani ukasoma Torati katika mji wa Bnei Brak, ingawa wote wawili walikuwa adui wakubwa wa Israeli. Fikiria kama wazee wetu wangewafungia mlango.

Lakini yule jirani mwenyewe hulazimiki kumsamehe kwa niaba ya babu. Aliyekosewa ndiye mwenye kusamehe. Na huyo kijana usimtwishe habari hii ili upumue wewe. Huenda hajui lolote. Msalimie, fanya naye kazi. Siku akikuuliza mwenyewe, mwambie kweli bila kuitia chumvi.

Wakati huo huo, nenda kwa wazee walioishi miaka ile, uandike wanayokumbuka wakiwa bado hai. Halafu niletee jina la babu la Kiebrania, pamoja na la baba yake, nimtaje Shabati hii tukishasoma Torati.