Mama kagongwa na boda kwenye zebra iliyofutika: tumshtaki nani?

Pole sana dada, mguu wa mama upone. Kwanza ulizia barabara ni ya nani: hapa Uganda barabara kuu za taifa ni za Wizara ya Ujenzi, za mitaani ni za manispaa au wilaya, Kampala ni KCCA (mamlaka ya jiji). Ukimshtaki asiyehusika unapoteza muda, na madai ya uzembe dhidi ya serikali, hata ya wilaya, mwisho ni miaka 2. Leo hii piga picha zebra ilivyofutika, kabla hawajaja na ndoo ya rangi (wakisikia kesi huja mbio!). Chukua ripoti ya polisi na risiti za hospitali. Mwenye boda naye usimwache. Barua ya madai mwachie wakili.