Bokali haipandi mlima: kwa stajeri wapya wa wadi yetu

Alhamisi iliyopita nimeingia wadi saa moja asubuhi, hata vifungo vya bluzi sijamaliza, namkuta stajeri, mwanafunzi wa mafunzo, anamsindikiza koko, mgonjwa mzee, chooni. Mkono mmoja amemshika koko bega, mkono wa pili amebeba bokali, ile chupa inayopokea maji na hewa kutoka kifuani kwa mrija, ameiinua juu, usawa wa shingo, kama mtu anayemulika njia na taa ya petroli. Maji yanarudi ndani ya mrija, yanaelekea kifuani. Nilipiga kelele mpaka wagonjwa wa chumba cha pili wakaamka. Mdogo wangu, najua uliona aibu. Mimi pia nilipigiwa kelele za namna hiyo, na aliyenipigia leo amestaafu, yuko Bagira anafuga kuku. Kila kundi likifika narudia maneno yale yale. Safari hii nayaandika, ili la mwakani nilionyeshe karatasi tu.

Kwamba plevra ni utando unaozunguka mapafu sitawaambia, mlishafanya mtihani wake. Mimi nina habari za saa nane za usiku.

1. Bokali inakaa chini ya kifua. Mmekulia Bukavu hapa. Mvua ikinyesha kule juu Kadutu, maji yanaenda wapi? Ziwani. Nani amewahi kuona maji ya ziwa yakipanda Kadutu bila mtu kuyabeba ndani ya bidoni? Mgonjwa akienda chooni, akigeuka, akihamishiwa kwenye brankari, kile kitanda cha magurudumu, bokali inabaki chini yake. Tena isimame wima. Ikilala, ule mrija unaotakiwa kuzama sentimita 2 ndani ya maji unabaki nje, na kifua kinaanza kuvuta hewa ya wadi, pamoja na harufu zake zote.

2. Maji hayatolewi yote kwa mara moja. Mama mwenye kansere ya titi iliyofika plevra anakuja amejaa, analala ameketi, anakata sentensi katikati ili apumue. Dreni, ule mrija wa kifuani, ikiingia anapata nafuu, jamaa wanamsifu Mungu, na stajeri naye kwa furaha anaacha yatiririke. Lita 1, ikizidi sana lita 1 na nusu, unafunga, unampumzisha. Pafu lililobanwa kwa wiki nyingi likifunguka ghafla linaweza kujaa maji lenyewe. Kikianza kikohozi kisichokatika, au akisema kifua kinabana, funga hata kama imetoka nusu lita, uite dokta. Hapo unafunga kwa sababu yanatoka maji tu. Hewa ni habari nyingine.

3. Dreni inayotoa mapovu haifungwi kwa sababu ya safari. Hapa mtanivumilia.

Nilikuwa na miezi minne tangu nipate A1 yangu, diploma ya uuguzi. Tulikuwa na mama mmoja kutoka Kabare, muuza ndizi, kansere ya titi, maji kwenye plevra, na baada ya kuchomwa sindano hewa pia ilikuwa imeingia. Bokali yake ilitoa mapovu kila alipokohoa. Dokta akataka radio ya kifua, yaani picha ya eksirei. Radio ilikuwa chini, mnaijua miteremko ya mji wetu, hata hospitali zimejengwa kama ngazi. Niliogopa bokali itamwagika njiani. Nikachukua pensi mbili, vile vibanio vya chuma vya kufunga mrija, nikaviringisha kompresi, kitambaa cha shashi, ili meno yasiume mrija, nikaklampe vizuri kabisa, moja hapa na moja pale. Nilijiona fundi. Nilitamani mtu anione.

Tulipofika chini, umeme ukakatika. Mtu wa radio akasema tungoje grupe, jenereta, mafuta yanatafutwa. Tukangoja. Mimi na mwenzangu tukaanza hadithi ya prime, nyongeza ya mshahara, ambayo haijalipwa, na hiyo ni hadithi isiyo na mwisho. Mama akaanza kugonga chuma cha brankari kwa pete yake. Ti, ti, ti. Nikadhani anasikia baridi. Nikamfunika kitenge mpaka shingoni, na kitenge kikafunika pensi.

Ti, ti. Kisha hakugonga tena. Nilipogeuka, midomo imebadilika rangi, mishipa ya shingo imesimama kama kamba, upande mmoja wa kifua umevimba na haupandi. Mimi nikafanya nini? Nikatafuta oksijeni. Nikapima presha! Presha, wadogo zangu, mtu ananikatikia mbele ya macho. Mdogo wake, msichana wa shule tu, ndiye aliyefunua kitenge akauliza: “Yaya munganga, hizi makasi mbili ni za nini?”

Nikafungua. Hewa iliyofungiwa kifuani ikatoka, bokali ikachemka kama sufuria ya maharage. Baada ya dakika chache rangi ikarudi. Umeme nao ukarudi, radio ikapigwa. Tulipompandisha juu mama alinishika mkono akasema, “Aksanti, mwanangu.”

Sasa sikieni lile baya zaidi. Nilikaa mezani nikafungua faili yake, nikaandika kwa mwandiko mzuri: “Amepelekwa radio, amerudi, hakuna tatizo.” Nikatia saini. Usiku mbili sikulala. Siku ya tatu nikamwambia mkuu wa wadi, huyu wa kuku. Siku hiyo hakupiga kelele. Alinipeleka mpaka kitandani, akaniambia niseme tena, mbele ya mama na mdogo wake. Nikasema. Mama alinyamaza muda mrefu, kisha akasema, “Nilifikiri ni kansere yangu ndiyo imefika.”

Nikaongeza maandishi chini ya yale ya kwanza, na tarehe na saa, bila kufuta kitu. Mama alirudi Kabare, akafariki kiangazi kilichofuata. Dokta aliniambia ni ugonjwa, si pensi. Lakini zile dakika alizogonga chuma alikuwa ananiita mimi, na mimi nilikuwa nahesabu prime.

Pensi mbili zinaning’inia kichwani mwa kitanda, kwa ajili ya kubadilisha bokali, sekunde chache, huku bokali mpya imeshatiwa maji. Mfukoni mwa bluzi hapana. Nikiziona mfukoni nitazichukua.

4. Mrija ukichomoka kwenye bokali, chovya ncha yake ndani ya ile chupa ya serumu, maji safi ya chumvi, iliyo kando ya kitanda. Haikuwekwa pale kwa kiu yenu. Dreni ikichomoka kifuani, kompresi ya vaselini na sparadra, ile plasta ya kubandika, pande tatu, wa nne unaacha wazi. Usimwache mgonjwa ukaenda kutafuta dokta, tuma gadimaladi, yule jamaa anayemlinda mgonjwa.

5. Gadimaladi, nimemtaja. Mnawafukuza wadini kama mbuzi kwenye shamba la mihogo. Mwonyeshe yule mama au yule dada bokali, mwambie mapovu ni nini na mrija unapita wapi. Mnajua sasa kwa nini nasema hivi.

6. Morfini ya kunywa inatolewa kila saa 4, na usiku una saa pia. Dawa ya kulainisha choo inaanza siku ileile. Kabla ya talki, ule unga wa kugandisha plevra, kuingizwa, hakikisheni dawa ya maumivu imeshafanya kazi, maana talki inauma sana. Kuna mmoja wenu aliniambia koko “atazoea” morfini. Koko ana miaka themanini na kansere ya mapafu, mwache azoee.

7. Mgonjwa wa shimio, dawa kali za kansere, akifika joto 38, pima gute epesi, damu ya malaria, sawa, sisi wote ni watoto wa malaria. Lakini dokta aitwe sasa hivi, antibiotiki iingie ndani ya saa ya kwanza, usingoje jibu la labo.

8. Bandika sparadra kwenye bokali, piga mstari, andika saa. “Imetoka kidogo” si kipimo.

Nilitaka kufika kumi, lakini niongeze la juzi. Jumamosi usiku yule stajeri wa taa ya petroli alikuja kunigongea chumba cha gadi, cha zamu ya usiku. “Yaya, maji ya koko hayapandi, hayashuki.” Tukaenda. Tukaangalia koko kwanza: anapumua vizuri, ananuna kwa sababu tumemwamsha. Mrija tukaufuata kwa vidole kuanzia kifuani, tukaukuta chini ya kiuno chake, umekunjika. Tukamgeuza. Maji yakaanza kucheza tena, juu, chini, pamoja na pumzi yake.

Kijana akachukua kalamu. Nilisoma juu ya bega lake: “Saa tisa na dakika kumi, mrija ulikunjika, umenyooshwa. Saa nane nilipita, sikuangalia.”