Kabla Hujampima Mwenzako kwa Tamthilia ya Kikorea

Mwanamume wa kwenye tamthilia ya Kikorea huinama katikati ya njia akamfunga mwenzake kamba za viatu. Mvua ikinyesha, mwavuli wote humwegemezea yeye, bega lake mwenyewe likilowa chapachapa. Kabla ya kumshangaa, jua jambo moja: mwanamume huyo kaandikwa na mwanamke. Waandishi wengi wa tamthilia za mapenzi Korea Kusini ni wanawake, na wanawaandikia wanawake. Kwa hiyo usichukulie kwamba hivyo ndivyo wanaume wa Seoul walivyo. Hayo ni mambo ambayo wanawake wanayatamani na hawayapati.

Japani waliliona hili mapema. NHK, shirika la utangazaji la nchi hiyo, ilipoanza kuonyesha tamthilia ya Kikorea "Winter Sonata" mwaka 2003, walioshikwa zaidi hawakuwa wasichana bali kina mama wa makamo, wengi wameolewa zamani. Mwigizaji Bae Yong-joon wakampa jina la heshima, "Yon-sama", na wakafunga safari hadi kisiwa cha Nami, Korea Kusini, kutembea chini ya ile miti ya kwenye picha. Korea ilikuwa koloni la Japani tangu 1910 hadi 1945, na dharau ya Wajapani kwa Wakorea haikuisha na ukoloni. Hata hivyo tamthilia hii ya mapenzi yenye sehemu 20 iliwafanya maelfu ya watu waanze kujifunza lugha ya nchi waliyokuwa hawaijali.

Basi tumia njia hii. Tukio likikugusa moyo, lisimamishe, uandike alichokifanya yule mwanamume, kitendo tu. Ondoa sura yake, ondoa gari, ondoa muziki. Kitakachobaki huwa kidogo na cha kawaida: alimsikiliza bila kushika simu, alikumbuka alichoambiwa wiki iliyopita, alimsindikiza hadi mlangoni. Hicho unaweza kumwomba mwenzako. Mwombe kimoja, umpe wiki mbili tatu azoee, ndipo useme cha pili. Kinachoharibu ni kumwambia "mbona wewe huwi kama fulani?" Hapo hasikii ombi, anasikia kwamba analinganishwa na mtu mwenye mwandishi, mpambaji na mwangaza wa studio.

Yapo pia ya kuacha kwenye skrini. Tazama tukio la kumkamata msichana kifundo cha mkono: anageuka aondoke, mwanamume anamdaka, anamvuta, kamera inasogelea vidole, muziki unapanda. Zima sauti ulitazame tena. Utamwona mtu anayeburutwa. Vivyo hivyo kumngojea mtu usiku kucha nje ya nyumba yao baada ya kukuambia hataki. Korea Kusini yenyewe ina sheria dhidi ya kumfuatafuata mtu, iliyoanza kutumika tarehe 21 Oktoba 2021. Kumvizia mtu karibu na kwake mara kwa mara bila ridhaa, akaingiwa na hofu, adhabu yake hufika miaka 3 jela au faini ya won milioni 30. Kijana wa Manila au Jakarta anayeiga hayo akidhani ni mahaba ya Kikorea anaiga kosa la jinai.

Kuhusu "oppa", neno linalosikika sana katika tamthilia hizi, usilitafsiri kuwa "kaka" ukaishia hapo. Ni neno la mwanamke kwa kaka yake mkubwa, au kwa mwanamume aliyemzidi umri na aliyemzoea. Mpenzi huingia humo. Mgeni wa dukani haingii, na bosi haingii kabisa. Mwanamume hamwiti mwanamume aliyemzidi umri hivyo, husema "hyung". Uzito wa neno hili utauona Korea Kaskazini, ambako sheria ya lugha ya Januari 2023 imekataza msichana aliyepita utoto kumwita "oppa" asiye ndugu yake wa damu. Anatakiwa kusema "dongji", yaani ndugu, ndugu ile ya kisiasa. Serikali iliona vijana wanachumbiana kwa maneno ya tamthilia za Kusini, ikaogopa.

Siku 100 za uchumba, ambazo wapenzi wa Kikorea huziadhimisha, nazo zina hesabu yake, na wageni wengi huikosea. Siku mliyokubaliana ndiyo siku ya 1. Mkianza tarehe 1 Machi, siku ya 100 ni tarehe 8 Juni, si 9. Zawadi isiwe kubwa. Chakula cha pamoja na pete rahisi za kufanana zinatosha. Kuisahau ndiko kunakoumiza.

Mambo yakifika kwenye ndoa, weka tamthilia pembeni kabisa. Wanawake wengi wa Vietnam wameolewa Korea Kusini kupitia madalali. Bwana anakuja kwa siku chache, anaonyeshwa wasichana, na harusi inafungwa wiki haijaisha. Julai 2010 mmoja wao, mwenye miaka 20, aliuawa na mumewe mjini Busan siku chache tu baada ya kufika. Mume alikuwa mgonjwa wa akili, na dalali hakumwambia. Leo sheria ya Korea inamlazimisha dalali kukupa, kabla hamjaonana na kwa lugha unayoielewa, taarifa za afya ya mtu, kazi yake, ndoa zake za nyuma na makosa yake ya jinai. Mshenga wetu hubebeshwa maswali hayohayo na wazee. Asiyekupa karatasi hizo, achana naye.

Tangu 2014 viza ya mwenzi huhitaji pia kipato cha kutosha cha anayealika, na wawili hao wawe na lugha ya kuelewana. Aliyekwisha kualika mwenzi mmoja hungoja miaka 5 kabla ya kualika mwingine, kwa hiyo muulize kama aliwahi.

Ukiwa tayari uko huko na mambo yameharibika, simu ya Danuri, ya kuwasaidia wageni walioolewa Korea, ni 1577-1366, saa 24, kwa lugha 13. Kiingereza kimo, Kiswahili hakimo. Kabla ya kupanda ndege, jifunze kutaja kwa Kikorea jina lako, mtaa unaokaa, na neno "dowajuseyo": nisaidieni.